Moshi Ambao Sikuuwasha

Kapteni Urbano alikufa siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, ndani ya bonde ambalo ndege ikiingia haina pa kutokea. Aliingia kwa sababu aliona moshi. Moshi ule sikuuwasha mimi. Lakini tairi lililochomwa lilikuwa langu, na maneno yaliyowafanya watu walichome yalitoka kinywani mwangu. Ripoti imeshatoka, inasema rubani alizembea. Kijiji kizima kimeitikia. Mimi sikubali.

Naitwa Elisha. Nina miaka hamsini na miwili. Shule niliachia darasa la tano baba alipofariki, nikapewa fimbo na ng'ombe. Asiyependa ninavyoandika aache kusoma, ila asije kunifundisha habari za kweleakwelea. Hao nawajua. Ni viumbe vidogo, mdomo mwekundu, mmoja ukimshika anajaa kwenye kiganja na bado nafasi inabaki. Wakija laki tano kwa mara moja wanashuka kwenye uwele wenye maziwa, punje bado laini, na kufikia saa nne asubuhi una shamba la mabua matupu. Nimeona mtu mzima amekaa katikati ya shamba lake analia kama amefiwa.

Kila mwaka, mvua za mwisho zikikaribia kukatika, ofisi ya kilimo inanichukua kibarua cha miezi miwili. Kazi yangu ni kutafuta mahali kweleakwelea wanapolala. Nikishapaona, inaletwa ndege jioni, inawanyunyizia dawa wakiwa wametulia kwenye miiba. Nikisema ndege hapa nasema chombo. Wale wenye manyoya nitaendelea kuwaita kwa jina lao, tusichanganyane.

Chombo chenyewe ni kidogo. Injini moja, kiti kimoja, na pale ambapo wangekaa abiria pana tangi la dawa. Kinaruka kutoka uwanja wa udongo huko juu, upande wa Iguguno. Sisi tuko chini ya ukingo, bondeni kuelekea Sibiti. Ukingo huu ni ukuta wa mawe na miti, mrefu, na una nafasi mbili. Ya kwanza tunaiita Mlango, ndipo barabara inaposhukia. Ya pili iko mashariki yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu, tunaiita Mfuko. Ukiutazama kutoka bondeni unaona mdomo mpana, unafikiri nayo ni njia. Ukiingia, kuta zinasogea, zinasogea, mwisho unakutana na jabali. Hata mbuzi hageukii mule bila kukwaruzwa.

Mwaka wa kwanza Urbano alipoletwa kwetu, miaka minne iliyopita, alishuka kwa gari na bwana shamba Fredrick kuja kuangalia eneo kwa miguu. Marubani wengine hawakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa mwembamba, mpole, anavaa kofia ya sufu hata kwenye joto. Akanisalimia shikamoo, mimi kibarua, kisha akaniuliza kila mti.

"Mzee Elisha," akasema, "mimi naruka kwa macho. Wingu likinifunika, mimi ni kipofu nimekaa kwenye gari linalokimbia. Sina mtu wa kunishika mkono."

"Na hizo saa zote mbele yako?" Nilikuwa nimechungulia ndani ya chombo siku moja, pamejaa saa kama duka la fundi.

"Zinaniambia niko juu kiasi gani na nakimbia kiasi gani. Haziniambii mlima uko wapi. Mlima lazima niuone mwenyewe. Na nikiuona, lazima niwe na nafasi ya kugeuka kabla sijaufikia. Hiki hakirudi kinyumenyume."

Fredrick akacheka. "Kapteni, usimtishe mzee, ataacha kazi."

"Simtishi. Nataka ajue maana nitamtegemea."

Tukapatana, mimi na yeye, tumesimama pale pale. Kule chini simu hazishiki, ukitaka kupiga unapanda ukingo saa nzima. Kwa hiyo tutazungumza kwa moshi. Tangu zamani nilikuwa nawasha moshi mahali walipolala kweleakwelea, tairi chini, majani mabichi juu, ili rubani aone mahali na aone upepo unakokwenda. Urbano akaongeza jambo moja. Bondeni kukiwa wazi, nawasha. Mawingu yakikaa kwenye Mlango, siwashi. Yeye atakuja mpaka juu ya Mlango, atachungulia. Akiona moshi, anashuka. Asipoona, anageuza, anarudi Iguguno, tunajaribu kesho.

"Na mmoja tu," akasema. "Moshi mmoja, wa kwako. Nikiuona najua Elisha amesimama pale, ameangalia juu, ameridhika."

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Nilimwacha arudi mara sita au saba, na kila mara aliniletea ujumbe kupitia kwa Fredrick: mwambie mzee asante.

Sasa nije kwenye kosa langu, nisiwe kama wengine.

Mpango ule sikumwambia mtu. Niliona raha kuwa nao peke yangu. Mtu wa darasa la tano, na rubani wa watu anashuka kwa amri yangu. Nikienda kilabuni nikipiga vikombe viwili nilikuwa nasema, "Ndege ile haiji bila moshi wangu. Nikiwasha inakuja, nisipowasha haiji." Watu wanacheka, wananiongezea kikombe. Shemeji yangu Gervas, kaka wa mke wangu, alikuwa ananiita Mkuu wa Uwanja. Nilimwacha aniite. Niliwaambia nikiwasha inakuja. Sikuwaambia kwa nini siku nyingine siwashi.

Mwaka wa nne kweleakwelea walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona. Nilipata walikolala, kwenye miiba karibu na mto, mbali na ukingo, pazuri kwa ndege. Walikuwepo wengine pia ndani ya Mfuko, kwenye matete, na mashamba ya Gervas yako mdomoni mwa Mfuko. Alikuja nyumbani kwangu asubuhi.

"Shemeji, umewaandika ofisini kweleakwelea wa huku kwangu?"

"Sijaandika."

"Kwa nini?"

"Mule ndege haigeuki."

"Wewe umeruka lini ukajua ndege inageuka wapi?"

"Gervas, mule haigeuki. Tukimaliza wa mtoni, hawa wa kwako tutawapiga kwa mashine ya mgongoni."

"Mashine ya mgongoni!" Akamgeukia dada yake, mke wangu Loyce, aliyekuwa anapeta mtama. "Unamsikia mumeo? Shamba lake liko mtoni. La kwangu nikapulizie kwa mgongo, kama natia dawa kunguni."

Loyce aliweka ungo chini. Akamwangalia kaka yake, halafu akaniangalia mimi, na nikajua yuko upande gani.

Jumanne mawingu yalikaa kwenye Mlango. Sikuwasha. Tulisikia injini inakuja, ikazunguka huko juu, ikarudi. Jumatano vivyo hivyo. Siku hizo mbili kweleakwelea walimaliza mashamba ya watu kumi na mmoja. Nilipopita njiani watu hawakunisalimia. Mama mmoja, Kristina, mjane, aliniambia usoni, "Baba Rebeka, hicho kiberiti unamtunzia nani?"

Nikamwambia mawingu. Akaangalia juu. Bondeni tulipokuwa hakukuwa na mvua, mwanga upo, kivuli chake kinaonekana chini. Akasema, "Mawingu yapo huko juu. Sisi tuko huku." Hakuwa na ubaya. Ndivyo mtu anavyoona akiwa amesimama chini.

Alhamisi saa tisa nilikwenda mtoni kama kawaida. Tairi moja huwa nalificha huko huko, la pili la akiba linakaa nyumbani, nyuma ya jiko. Saa kumi na moja wingu lilianza kushuka juu ya ukingo kama mtu anavyovuta blanketi. Lilifunika jabali la Mfuko lote. Mlango ulibaki na upenyo mdogo, barabara inaonekana kidogo tu. Nikakaa chini. Kiberiti nikakiacha mfukoni. Nilijua kesho watanitukana na nilikuwa tayari.

Saa kumi na moja unusu nikasikia injini. Nikasema moyoni, atachungulia, atarudi. Halafu nikageuka nikaona moshi.

Ulikuwa mweusi, mzito, wa tairi. Unatoka ndani ya Mfuko.

Fikiria alivyoona yeye kutoka juu. Jabali limefunikwa. Kuta zimekatwa na wingu, zimebaki miguu tu, na miguu ya mlima ukiitazama kwa mbali kwenye mwanga wa jioni inafanana na vichaka vya bondeni. Katikati pana moshi mmoja. Siku ya tatu hiyo, amesharudi mara mbili, na najua Fredrick alikuwa ameshapigiwa simu na wakubwa, akaambiwa leo iwe leo. Moshi upo. Kwa hiyo Elisha amesimama pale, ameangalia juu, ameridhika.

Nilirukia tairi langu. Nilifikiri nikiwasha wa kwangu ataona miwili, atajua kuna jambo, au atakuja huku mtoni kuliko wazi. Vijiti vitatu vilizimika. Cha nne kikashika, tairi likaanza kufuka, na hapo hapo matone ya mvua yakafika. Moshi wangu ukalala chini, ukatambaa kwenye nyasi kama mgonjwa. Nikavua shati nikalipunga. Upuuzi. Nani anaona shati la kibarua kutoka juu kule?

Alishuka kwenye Mlango vizuri, chini ya wingu, mabawa sawa. Akakunja kulia kuufuata moshi. Niliona chombo cha njano kinaingia mdomoni mwa Mfuko, kimekaa katikati kabisa. Huko nyuma aliwahi kuniambia ukiingia bonde usilolijua kaa upande mmoja, ubavu mmoja karibu na ukuta, ili ukitaka kugeuka uwe na upana wote. Alikaa katikati. Maana yake hakujua kama ameingia bonde. Alidhani yuko uwandani.

Wingu likashuka nyuma yake. Injini ikalia kwa nguvu, ile ya kupanda, kama lori kwenye mlima na gia ndogo. Ikalia hivyo muda wa kuhesabu mpaka tisa. Kisha kishindo, si kikubwa. Nilitegemea kikubwa zaidi.

Tulimtoa sisi wenyewe, mimi na Gervas na wanaume wengine saba, kwa mashoka na kwa mikono. Karibu na matete palikuwa na tairi limeungua nusu. Lilikuwa na alama ya rangi nyeupe ubavuni, niliyoipaka mwenyewe. Sikumuuliza Gervas nani alimwambia lilipo. Nyuma ya jiko langu anapajua mtu mmoja tu zaidi yangu.

Nyumbani Loyce alikuwa amekaa kizingitini.

"Ulimpa?" nikasema.

"Nilimpa."

"Unajua umefanya nini?"

"Najua ulichosema wewe miaka yote. Nikiwasha inakuja, nisipowasha haiji. Mimi si nilikuwa nakusikia, Baba Rebeka? Kaka yangu analiwa shamba, na wewe umekalia kiberiti. Nilijua ni jeuri yako tu."

Nikaenda nyuma ya jiko, nikapaangalia pale lilipokuwa.

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji, Bonaventura, akaita watu kwenye ofisi ya kijiji. Wachunguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Bonaventura ni mtu wa maneno laini, anaweza kukuuzia ng'ombe wako mwenyewe.

"Ndugu zangu," akasema, "marehemu tunamlilia wote. Lakini wageni wakija wakasikia habari za moshi, watatuuliza nani. Kesho kutwa kijana wetu yuko ndani, na ndege hatuletewi tena. Mvua ilikuwepo, wingu lilikuwepo, kapteni aliingia kwenye wingu. Hayo ni kweli. Tuseme hayo. Mengine tunyamaze."

Watu wakaitikia. Kristina mjane naye akaitikia.

Nikasimama. "Mimi nitasema moshi."

"Kaa chini, Mzee Elisha."

"Sikai. Nitasema moshi ulikuwepo, na tairi lilikuwa langu, na nilijisifu kwenye pombe, na nitasema nani aliuwasha nikiulizwa."

Gervas akainuka. Macho mekundu, hajalala siku mbili. "Sema! Sema pia kwamba ulitudanganya! Mkuu wa Uwanja! Ungetuambia usipowasha maana yake asije, mimi ningewasha? Mimi ni mwendawazimu? Nilimwashia aje kutusaidia, shemeji! Sikumwashia afe!"

"Hilo pia nitasema."

"Huna dada yangu tena ukisema."

"Nitasema, Gervas."

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Darasa la tano huyo, anataka kuandikwa gazetini." Wengine wakacheka, kicheko kile cha woga. Niliwaacha wamalize.

"Yule mtu," nikasema, "alirudi Jumanne. Alirudi Jumatano. Mzembe harudi. Mkisema aliingia kwenye wingu kwa kupenda kwake mnamzika mara ya pili, na safari hii hata kwao hawatajua mlikomzika."

Nikatoka. Hakuna aliyenifuata.

Jumatatu wakaja wawili, mwanamke anayeitwa Eliana na mwanaume aliyepiga picha. Eliana alinisikiliza saa mbili. Nilimpeleka Mfukoni. Nikamwonyesha majivu, ingawa mtu alikuwa ameshayafukia na kupanda matete juu, kazi ya kitoto. Lile tairi la nusu lilikuwa limetoweka, mpaka nilipolipata kwenye korongo nikalibeba begani kumletea. Akalipima, akaandika.

"Mzee," akaniuliza, "hata kwa moshi huo, asingepaswa kugeuka alipoona haoni ukuta?"

Huyo mama alijua kazi yake, na sikumdanganya. "Angegeuka," nikasema. "Hilo ni lake. Alikuwa na muda mdogo pale juu ya Mlango wa kusema hapana, na hakusema. Lakini andika kwa nini hakusema. Andika kwamba kulikuwa na mtu chini aliyemzoesha kuamini moshi."

Ripoti ilichukua miezi saba. Fredrick ndiye aliyenisomea. Inasema rubani aliendelea kuruka kwa kuona wakati hali ya hewa ya milimani haikuruhusu, uzembe. Chini yake kuna mstari mmoja: habari za moshi wa Mfukoni hazikuthibitishwa. Watu thelathini na saba walisema haukuwepo. Mmoja alisema ulikuwepo.

Mke wa Urbano, Dina, alikuja baada ya hapo, peke yake, na basi mpaka Iguguno, kisha bodaboda. Ofisini walishamwambia neno lile moja, uzembe. Alikaa kwenye kigoda changu, akanywa maji, akaniambia, "Alikuwa anakutaja. Anasema kuna mzee ananiangalizia." Nikamweleza vyote, na kiberiti, na kilabu, na Loyce, na kilichokuwa kosa la mumewe pia. Nilidhani atanitemea mate. Aliuliza tu kama siku zile mbili za kwanza kweli alirudi. Nikamwambia alirudi, tulimsikia sote. Akasema hilo atawaambia watoto.

Bonaventura alikuja wiki iliyopita kunishauri niyaache. Ripoti imeshafungwa, kijiji kimetulia, ninachotafuta ni nini. Nikamwonyesha tairi. Nililirudisha nyumbani wachunguzi walipoliacha, nimelitundika kwenye mti wa njiani, kila anayekwenda kisimani analiona. Akaniambia nilitoe. Nikamwambia apande alitoe mwenyewe. Hajapanda.

Gharama yake ni hii. Ekari mia mbili na kumi za uwele na mtama, zililiwa kwa siku tisa, za Gervas na za kwangu zikiwemo. Ndege haijaja tena. Kibarua changu cha miaka kumi na minne, kimekwisha. Shemeji mmoja, haongei nami, na alikaa mahabusu siku nne nilipomtaja, akatoka. Mke wangu, alikaa kwao miezi mitano, amerudi, hatulitaji jambo hilo. Nafasi yangu kwenye benchi la wazee kanisani. Tairi moja, nusu yake.

Na Urbano, miaka arobaini na mmoja, watoto watatu.